Usukani wa Mama Benson

Katika Bugwema nzima mwanamke wa kwanza kushika usukani wa gari alikuwa Penina, na nafasi hiyo hakuiomba kwa mtu. Aliikuta wazi akaikalia.

Mume wake, Mugeta, alikuwa na pikapu ya Kijapani ya miaka ya sabini, aliyoinunua ikiwa chakavu kutoka kwa mfanyabiashara mmoja wa Musoma aliyekuwa anafunga duka. Ilibeba pamba, ikabeba mahindi, ikabeba wagonjwa, ikabeba na maiti. Halafu macho ya Mugeta yakaingia ukungu. Watu walidhani gari litaozea uani. Mugeta akamwita mkewe, akamkalisha nyuma ya usukani, yeye akakaa upande wa abiria, uso kaugeuzia dirishani kama mtu anayeangalia shamba, kumbe anasikiliza injini.

"Inalia njaa, ongeza moto," alikuwa akisema. "Sasa imeshiba. Badili gia."

Penina alijifunza gari kwa masikio ya mumewe. Mugeta alipofariki, yeye ndiye aliyeuendesha mwili kutoka hospitali hadi nyumbani, na wiki iliyofuata akapakia mihogo kwenda Musoma kama kawaida. Wapo waliosema ana moyo mgumu. Mihogo ingeoza, yeye alijibu, na waombolezaji hawali mihogo iliyooza.

Miaka ikaenda. Gari na mwenyewe wakazeeka pamoja, ila gari lilizeeka vibaya zaidi kwenye usukani. Ulikuwa mzito. Kukata kona kwenye uwanja wa kanisa ilikuwa kazi ya mabega, mgongo na kiuno, kama kumvuta ng'ombe asiyetaka josho. Tena ulikuwa na pleyi: unazungusha robo nzima bila jibu, ndipo magurudumu yanakumbuka kwamba umeyaita. Penina aliizoea tabia hiyo kama mtu anavyozoea jirani mbishi.

Kilichomshinda hakikuwa uzee. Mwaka juzi aliteleza kwenye ngazi ya ghala la mahindi akaangukia bega la kushoto. Walimfunga, akapona, lakini mkono haukupanda tena kupita kifua. Gia aliiweza, maana iko chini. Usukani ule, kwa mkono mmoja wa kulia, haukumtii.

Ndipo Benson, kifungua mimba wake, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Musoma mjini, alipokuja nyumbani na soda na mkate, akakaa vizuri kabla ya kusema. Mtoto akikaa vizuri namna ile, mzazi ajue kuna jambo.

"Mama, umeendesha inatosha. Watu wa rika lako wanakaaga kivulini wanapokea wajukuu."

"Watu wa rika langu wengine wako makaburini. Na hao niwafuate?"

"Sijasema hivyo, Mama."

"Umesema kivuli. Na makaburini kuna miti."

Benson akacheka kidogo, lakini hakuacha. Wadogo zake nao, alisema, wamekubaliana: gari lipatiwe mtu, Mama apumzike. Penina akauliza hiyo harusi ya Butiama vyombo vitakwendaje.

Hapo pana neno la kueleza. Penina alikuwa na kaka, Masatu, aliyehamia Butiama kwa kazi ya ualimu akaoa huko huko, na sasa binti yake, Jenipher, alikuwa anaolewa. Katika ukoo wao vyombo vya bi harusi, sufuria, godoro, mablanketi na nafaka ya kuanzia maisha, haviletwi na mtu wa kukodiwa. Shangazi mkubwa ndiye anayevifikisha, tena mpaka mlangoni kwa wazazi wa bi harusi. Zamani vilikuja kichwani, baadaye kwa mkokoteni wa ng'ombe, na tangu Penina ajue gari, kwa pikapu. Mabinti wa ukoo aliowapelekea vyombo hivyo walikuwa wengi, na wengine sasa ni mabibi.

"Nitatafuta dereva akupeleke," alisema Benson.

"Basi huyo dereva ndiye awe shangazi."

Mabishano yakafika mahali pa makubaliano. Penina akifika Butiama mwenyewe, na mzigo mzima, watoto hawatalisema tena suala la gari. Akishindwa njiani, funguo anakaa nazo Benson.

"Lakini na wewe utakaa ndani," Penina alisema. "Sitaki ushahidi wa kusikia."

Hakuwa na jibu la bega lake wakati anasema hivyo. Jibu alilipata kwa watu wa mnadani, waliomwelekeza kwa fundi Kasmiri, pale Manyamanyama, Bunda, nyuma ya mashine ya kusaga. Kasmiri alikuwa mtu wa maneno machache kabla ya chai na maneno mengi baada yake, na alikuwa na jina la kufanya magari ya zamani yasikie mambo mapya. Mlangoni kwake alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: GARI LIJE TUPU. Alishachoka na ugomvi wa watu wanaoacha majembe na ndoo garini halafu wanaviulizia.

Penina ni mtu wa kufuata masharti. Alipoambiwa sharti hilo kwa simu, alishusha kila kitu kwenye pikapu: magogo ya kuzuia tairi, nondo, magunia matupu, tairi la akiba. Kisha akaifagia na kuiosha mpaka rangi yake ya maziwa mgando ikaonekana. Gari haliendi kwa fundi chafu, kama mtu asivyokwenda kwa daktari bila kuoga. Benson akaliendesha hadi Bunda, akilaani usukani njia nzima, na mama yake akiwa kando.

Kasmiri alimtazama Penina anavyoinua mkono, akatazama gari.

"Mkono huu sitauweza, Mama Benson. Usukani nitauweza."

Akamweleza taratibu. Usukani wa zamani unaishia kwenye sanduku la chuma lenye meno ndani, na sanduku hilo linasukuma fimbo, fimbo inasukuma fimbo nyingine, kama habari inayopita kwa watu wengi mpaka inafika imepotoka. Yeye angeling'oa sanduku lote. Mahali pake angelaza chuma kimoja chenye meno, kinachokaa kimlazo kati ya magurudumu mawili ya mbele. Mafundi wanakiita reki. Chini ya usukani kunakuwa na gia ndogo inayokitembeza kulia na kushoto, basi. Kila ncha ya reki inashika gurudumu lake kwa chuma chembamba kinachoitwa tairodi.

"Utazungusha mizunguko mingi kidogo kuliko zamani," alisema, "lakini utazungusha kwa vidole."

"Reki yenyewe ya gari gani?"

"Ya gari dogo lililogongwa nyuma. Mbele lilikuwa zima kabisa."

"Kama mtu wa ukoo fulani ninaoujua," alisema Penina, na hakusema ni upi.

Kazi ikaanza. Gari likapandishwa kwenye mawe, sanduku likatoka na matope yake ya tangu enzi za pamba. Kasmiri akachomelea kishikio kwenye chasisi, akaifunga reki, akaunganisha. Mara ya kwanza aliifunga juu chini. Alipogeuza usukani kulia, magurudumu yakaenda kushoto. Penina alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua maharage, maana hakuwa mtu wa kukaa mikono mitupu.

"Hilo sasa ni gari la mwanasiasa," alisema. "Linaonyesha huku, linaenda kule."

Kasmiri akaifungua, akaigeuza, akaifunga upya. Akanyoosha uzi kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, akapima, akarekebisha tairodi mpaka magurudumu yakakaa sawa na uzi. Halafu akampa Penina funguo.

Walikwenda uwanja wa mpira. Penina akalizungusha gari kwenye nguzo ya goli kwa vidole viwili vya mkono wa kulia, wa kushoto umelala kwenye gia. Alipomaliza mzunguko Kasmiri akapiga makofi. Penina hakucheka. Aliizunguka nguzo mara ya pili kwa upande mwingine, ndipo akasema, "Sawa." Kwa wanaomjua, hiyo ilikuwa shangwe.

Harusi ilikuwa Jumamosi. Alhamisi Penina, aliyekuwa amelala Bunda kwa ndugu, aliondoka peke yake kwenda Nyamuswa kuchukua mtama kwa wifi yake, Mbuke. Barabara ilimpokea vizuri. Gari lilikwenda moja kwa moja kama jembe la ng'ombe waliofundishwa. Mbuke akapakia magunia yake ya mtama, akamnywesha chai, akapanda na mwenyewe ili aende Bunda sokoni.

Na Penina hakuwahi kumpita mtu mwenye mzigo. Si huruma peke yake, ni sheria ya huko kwao: ukimpita leo, kesho gari lako likizama kwenye tope, mwenye jembe atakuwa ni yeye. Kabla hawajaiacha Nyamuswa nyuma alikuwa amempakia mzee mmoja, Machage, na mbuzi wake na baiskeli, akapakia wanawake wenye viroba vya mihogo, akapakia na mlango wa mbao na mwenye mlango.

Gari likabadilika.

Halikuwa zito, hapana. Lilikuwa jepesi kupita kiasi, halafu likawa na akili yake. Kila lilipodunda kwenye tuta, pua iliruka upande. Anarudisha, linaruka upande wa pili. Mara tairi la kushoto likala majani ya kando, na wanawake nyuma wakapiga yowe.

Machage akachungulia dirishani akiwa amesimama nyuma. "Mama, umekunywa nini kwa Mbuke?"

"Chai."

"Chai gani hiyo inayotafuta mtaro?"

"Usiisingizie chai yangu!" Mbuke alipaza sauti kutoka juu ya magunia.

Penina akasimamisha gari, akazima. Mikono yake ilikuwa imetulia, lakini alijua vizuri amesimama wapi. Akimpigia Kasmiri, Kasmiri atakuja na spana zake, atashusha mzigo, ataliendesha gari tupu na litakwenda moja kwa moja. Atasema gari halina tatizo. Halafu atalitazama bega. Na Benson naye atalitazama bega, na mambo yatakuwa yameisha hapo hapo kwenye barabara ya Nyamuswa, bila kufika Butiama.

"Shukeni," alisema.

"Tumefika?" aliuliza mwenye mlango, aliyekuwa amelala.

"Hatujafika. Shukeni, na magunia yashuke."

Walinung'unika, wakashusha. Penina akaenda na gari tupu mpaka kwenye kalavati, akarudi. Liko sawa. Akawapakia watu bila magunia, akaenda, akarudi. Linaanza kucheza. Akapakia na magunia. Pua ikaruka kama mwanzo.

"Mama huyu anatuchezea," alisema Machage. "Mara panda, mara shuka, kama tunafanya mazoezi ya jeshi. Mbuzi wangu ana ahadi sokoni."

Penina alikuwa amepiga magoti mbele ya gari, kitenge kwenye vumbi, anaangalia chini. Mzigo ulipokaa nyuma, mgongo wa gari ulizama na pua ikanyanyuka. Na zile tairodi, ambazo gari likiwa tupu zilikuwa zimelala kama mtu usingizini, sasa zilikuwa zimeinama kama miguu ya panzi. Hakujua hesabu yake. Alijua alichokiona: kitu kilipimwa kikiwa kimelala, na sasa kimesimama.

"Pandeni wote," alisema. "Tunakwenda Manyamanyama, polepole. Na tukifika, asishuke mtu."

Waliingia gereji kwa mwendo wa maandamano ya msiba. Kasmiri alitoka na kikombe mkononi, akaona watu, mbuzi, mlango, viroba.

"Mama Benson, nimekupa gari zima, umelirudisha na kijiji?"

"Panda uliendeshe."

"Lishushwe kwanza. Huoni maandishi?"

"Nimeyaona. Ndiyo yaliyotuponza. Ukilishusha hutaona kitu. Panda."

Kasmiri akawatazama abiria, nao wakamtazama. Akaweka kikombe chini, akapanda. Akaenda nalo hadi njia panda na kurudi, na huko nyuma Machage alikuwa akimtangazia njia: "Kushoto, fundi! Aa, umeamua kulia? Haya!" Aliporudi shati lilikuwa limegandana na mgongo. Akalisimamisha gari juu ya shimo la mafundi, na mzigo wake wote, akaingia chini. Sauti yake ilitoka kama ya mtu aliye kisimani.

"Nilipima gari tupu."

"Mimi sina gari tupu," alisema Penina.

"Sasa nimelielewa."

Akatoka, akawaambia abiria wakae hivyo hivyo.

"Mpaka lini?" aliuliza Machage.

"Mpaka nichore alama. Ninyi ndio kipimo, mzee."

"Basi kipimo kinasikia njaa."

Mbuke akaomba mihogo mibichi kwa wenye viroba, akaigawa, watu wakatafuna huku fundi anachora kwa chaki. Kisha wakashuka. Kasmiri akakata kishikio alichokuwa amechomelea kwa majivuno siku ile, na aliyekata kazi yake mwenyewe anajua inavyouma. Akaishusha reki upana wa kidole, akachomelea tena. Watu wakapanda, magunia yakapanda, mlango ukapanda. Akanyoosha uzi, akarekebisha tairodi gari likiwa na tumbo lililojaa. Mwenye mlango alikuwa ameshakuwa fundi msaidizi kwa maneno, anasema songa huku, rudi kule, wala hakuna aliyemwomba.

Safari hii Penina ndiye aliyekwenda njia panda, Kasmiri kando yake. Gari likadunda kwenye tuta la kwanza, likapita. La pili, likapita. Pua ilikaa ilikoambiwa ikae.

"Nikwambie ukweli," alisema Kasmiri walipokuwa wanarudi. "Likiwa tupu sasa, litacheza kidogo."

"Litakuwa tupu lini?"

Kasmiri akafikiri. "Ukija kwangu," alisema.

Jumamosi Benson alipandia Musoma, amevaa suti, akashika kile chuma cha mbele ya abiria kwa mikono miwili kabla gari halijaondoka. Nyuma kulikuwa na sufuria, godoro, mablanketi, mtama, na wanawake wa ukoo wakiimba nyimbo za kanisa na zisizo za kanisa. Penina aliendesha kwa mkono wa kulia. Walipokaribia Makutano bodaboda aliyebeba mbao kimlazo akakatiza mbele yao. Penina akampisha, akarudi njiani, akaendelea kumweleza Benson habari za mtu aliyeuza ng'ombe aliyekufa. Benson akasema, "Mama, angalia mbele." Penina akasema anaangalia. Walipolipita kundi la ng'ombe, Benson alikuwa ameachia mkono mmoja. Kwenye mawe ya Butiama alikuwa amelala, mdomo wazi, tai imepinda.

Kwa Masatu uwanja ulikuwa umejaa. Turubai limefungwa karibu na mlango, viti kila mahali, na njia ya kuingilia inapita kati ya nguzo ya turubai na jiwe kubwa.

"Dada, simama hapo barabarani," alisema Masatu. "Vijana watashusha."

"Vyombo vinashukaga barabarani tangu lini?"

Benson alikuwa ameamka. Akaruka chini, akaenda nyuma ya gari kumwongoza mama yake, mikono juu kama askari wa usalama barabarani. Penina hakumtazama. Alirudi kinyumenyume, kioo cha pembeni kikagusa nguzo, turubai likatikisika na wazee wakashika sahani zao. Akaenda mbele, akazungusha usukani mizunguko mingi, akarudi tena. Safari ya pili bodi ilipita kati ya nguzo na jiwe, ikasimama mlangoni. Wanawake wakapiga vigelegele. Jenipher akatoka kumpokea shangazi yake, na Benson, bila kuambiwa, akavua koti akabeba godoro.

Suala la gari halikutajwa siku ile, wala Jumapili, wala watoto walipokutana kanisani. Katikati ya wiki simu ya Penina ililia akiwa anamenya mihogo.

"Mama, shikamoo. Nina mabati ya mteja wa huko Bugwema. Una nafasi lini?"

"Marahaba. Kesho nimeshachukuliwa na watu wa kwaya. Keshokutwa nakuja mjini na mahindi, nikishusha nitapita kwako."

"Asubuhi nitakuwepo."

"Uyafunge vizuri, Benson. Sipendi mzigo unaopiga kelele."

"Sawa, Mama," alisema Benson, kama wateja wengine.